Baba Yake Usopp Yumo au Hayumo?

Mtoto wa kaka yangu ana orodha. Aliiokota kwenye grupu la WhatsApp, akaihifadhi kwenye simu, na kila akimaliza kutazama anaweka tiki. Ni orodha ya One Piece, katuni ndefu ya Kijapani kuhusu Luffy na kundi lake la maharamia, Usopp akiwa mmoja wao: episodi za kutazama zimepakwa kijani, za kuruka zimepakwa nyekundu. Jumapili moja alikuwa kwangu, amejilaza kwenye zulia karibu na soketi kwa sababu waya wa chaja yake ni mfupi, anateremsha kidole kupita wekundu wote bila kusimama.

"Na filamu je, umeziona?" nikamuuliza.

"Hapana, shangazi."

"Hata ile ya Uta? Ile yenye Usopp na baba yake?"

Akanitazama kwa huruma.

"Hiyo haimo, shangazi."

Hakusema ni mbaya. Hakusema kaambiwa inachosha. Alisema haimo, yaani haihesabiwi kwenye hadithi rasmi ya mtunzi, akarudi kwenye kijani chake, nami nikarudi kukuna nazi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikibishana naye kichwani, kwenye daladala, nikiosha vyombo, nikisubiri usingizi. Yeye ameshasahau kabisa kama tuliongea. Mimi ndiye ninayeandika makala.

## Diski iliyochanganya kila kitu

One Piece mimi niliipata hosteli, kwenye diski iliyokuwa ikizunguka chumba hadi chumba. Aliyeipakia hakuwa mtu wa mpangilio. Kila kitu kilikuwa kwenye folda moja: episodi zenye namba, episodi zenye majina ya tovuti zilikotoka, na filamu zimechomekwa humohumo katikati. Hakuna aliyetuambia kipi ni kipi. Tulibonyeza, tukaangalia, tukabonyeza kinachofuata.

Ndivyo nilivyokutana na Baron Omatsuri bila kuonywa na mtu.

Ni filamu ya sita, ya mwaka 2005, iliyoongozwa na Mamoru Hosoda. Inaanza kwa utani uleule tuliouzoea. Luffy na wenzake wanapata mwaliko wa kwenda kupumzika kisiwani, wanafika, mwenye kisiwa anawashindanisha kwenye michezo ya kitoto: kuvua samaki wadogo wa dhahabu, kurusha pete. Halafu utani unaoza. Wanaanza kulaumiana. Yule msichana msoma ramani, Nami, na Usopp wanarushiana maneno, Zoro na Sanji nao hivyohivyo, na safari hii hakuna anayecheka mwishoni. Wanatoweka mmoja mmoja. Inakuja kujulikana kuwa huyu Baron alipoteza mabaharia wake wote na hawezi kuvumilia kuona kundi jingine linalopendana, na kisiwani kwake kuna ua linalokula watu. Hata michoro imebadilika, nyuso zimekuwa bapa, rangi ni za mtu mwenye homa. Tulikuwa tumebanana kwenye kitanda cha juu, na filamu ilipoisha hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kushuka.

Baadaye sana ndipo niliposoma kilichokuwa nyuma yake. Hosoda alikuwa ametoka Toei, studio inayotengeneza One Piece, kwenda Studio Ghibli kuongoza Howl's Moving Castle. Kazi ikamvunjikia mikononi, akaondoka, na filamu ikaja kufanywa na Hayao Miyazaki mwenyewe. Hosoda ameeleza kwenye mahojiano kwamba aliyoyapitia huko yaliingia kwenye kisa cha Baron. Yaani watoto wa Kijapani waliopelekwa sinema mwezi Machi kucheka na Luffy walikwenda kuoneshwa maumivu ya mtu aliyevunjikiwa na timu yake.

Wengi hawakufurahi. Leo, ukiingia kwenye ubishi wowote kuhusu filamu za One Piece, lazima umkute mmoja anayeapa kuwa hii ndiyo bora kuliko zote, na mwingine anayeapa hataiangalia tena maishani.

Sasa swali langu kwa mwenye orodha ni hili: filamu ile ingewezekanaje kama ingekuwemo? Eiichiro Oda, mwenye hadithi, hawezi kuwafarakanisha watu wake kwa namna ile halafu wiki inayofuata awarudishe mezani wakigombea nyama. (Alipokuja kumgombanisha Luffy na Usopp kweli, kule Water 7, ilimchukua kurasa nyingi sana kuwapatanisha.) Hosoda aliweza kuvunja vyombo kwa sababu vyombo havikuwa vya nyumba ile.

Ninapoambiwa haimo, mimi huwa nawaza: ndiyo, na ndiyo maana ilithubutu.

## Lakini mtoto naye ana hoja

Tusimwonee. Manga, yaani hadithi yenyewe iliyochorwa kwenye karatasi, ilianza tarehe 22 Julai 1997 kwenye jarida la Weekly Shonen Jump. Anime ya Toei, yaani katuni ya runinga, ilianza Oktoba 1999, na episodi ya 1000 ilirushwa Novemba 2021. Mtoto wa kaka yangu hakuwa amezaliwa wakati Luffy anatoka kijijini kwao, na sasa anatakiwa amfikie kwa bando la kununua kwa wiki. Mtu wa namna hiyo lazima achague. Kila dakika anayoipa filamu ni dakika aliyomnyima Luffy wa kweli, na tena ni megabaiti alizolipia.

Na Toei wenyewe ndio waliowafundisha watu kuruka. Kisa cha Dressrosa kina episodi 118. Sura moja ya manga inavutwa mpaka inajaza episodi nzima: mtu ananyanyua upanga, tunaoneshwa uso wa kila aliyepo uwanjani, upanga bado uko juu, matangazo, tunarudi, upanga uko palepale. Mashabiki walichoka kiasi cha kuunda mradi wao wenyewe, One Pace, wa kukata episodi upya zilingane na mwendo wa manga. Hiyo ni kazi ya miaka, hailipwi, na inafanywa na watu wanaoipenda hadithi hii kuliko wengi wetu. Upendo wao umeshika mkasi.

Mwaka 2025 Toei nao wakakubali. Walitangaza kwamba kuanzia 2026 anime haitakwenda tena mwaka mzima bila kupumzika, bali episodi zisizozidi 26 kwa mwaka. Nilifurahi. Kisha nikaona watu wakishangilia kwamba sasa hakutakuwa na cha kuruka tena, na furaha yangu ikapungua kidogo, sijui kwa nini.

Au najua. Nikikumbuka episodi za kujazia, zile nyekundu, nakumbuka mambo madogo: watu wale wakipika, wakivua samaki, wakigombania kitanda, wakikaa tu chomboni. Hadithi ya safari isiyo na siku za kukaa tu chomboni ni hadithi ya kufika.

## Agosti 2022

Filamu ya kumi na tano, Film Red, iliingia kwenye sinema za Japani tarehe 6 Agosti 2022. Aliyeiongoza ni Goro Taniguchi, yuleyule aliyetengeneza kipande cha kwanza kabisa cha One Piece kwenye uhuishaji, mwaka 1998, kabla hata ya Toei kuanza. Msichana aitwaye Uta, binti wa kulea wa Shanks, nahodha wa maharamia ambaye Luffy amemhusudu tangu utotoni, ni mwimbaji mashuhuri. Akiimba, wanaomsikia wanalala na roho zao zinaingia kwenye ulimwengu wake wa ndoto. Sauti ya kuimba ni ya Ado, mwimbaji asiyeonesha uso wake hadharani, na nyimbo saba ziliandikwa na watunzi saba tofauti.

Japani ilichanganyikiwa. Filamu iliingiza karibu yeni bilioni 20 nchini humo na kuwa ya kwanza kwa mapato mwaka ule. Wimbo wa ufunguzi ulikuwa kila mahali.

Mashabiki wa zamani, wale wa nje ya Japani hasa, waligawanyika vibaya. Malalamiko nayajua kwa moyo. Ni tamasha la muziki, si filamu ya maharamia. Kundi la Luffy limekuwa wapambe. Shanks tuliyemsubiri miaka yote anakuja kama baba mwenye binti ambaye hatukuwahi kumsikia. Mengine nakubaliana nayo. Zoro angeweza kubaki nyumbani.

Ila kuna kitu kule mwishoni.

Uta ameamsha zimwi liitwalo Tot Musica. Lipo kwenye dunia zote mbili, ya ndoto na ya macho, na haliwezi kuanguka mpaka lipigwe pande zote kwa wakati mmoja. Ndotoni yuko Luffy na wenzake. Nje yuko Shanks na watu wake. Hawaonani. Hakuna simu, hakuna ishara. Nani atawaambia wa huku kwamba wa kule wanapiga sasa?

Usopp anaona. Kwa ule uwezo wao wa kuhisi kwa mbali wanaouita Haki, ghafla anaona kinachoonwa na macho ya mtu mwingine. Mtu huyo ni Yasopp, mlenga shabaha wa Shanks. Baba yake. Baba anaona anachoona mwana, mwana anaona anachoona baba, na kwa njia hiyo pande mbili zinapiga pamoja.

Mmoja amelala, mwingine yuko macho. Huko ndiko walikokaribiana kuliko popote.

Na ni huko tu. Mpaka naandika haya, kwenye manga bado hawajakutana. Vita kubwa ya Marineford ilipoishia, Yasopp alifika pamoja na Shanks, lakini haramia Kuma alikuwa amemtupa Usopp mbali, kwenye visiwa vilivyojaa mimea inayotaka kumla. Walipishana.

## Kitufe cha kusimamisha

Katika wiki zile za kubishana kichwani nilianza tabia mpya: kutazama watu wakitazama. Mnazijua video hizo, mtu anajirekodi akiangalia episodi, uso wake uko kwenye kona na picha nyingine iko katikati. Zamani sikuzielewa. Nilidhani ni uvivu uliotengenezewa chaneli.

Anzia na mazishi ya Going Merry, episodi ya 312, ambako merikebu inachomwa moto baharini kwa heshima na nahodha wake anaiomba radhi. Nimemwona baba mtu mzima mwenye ndevu akivua miwani. Nimeona wawili, mume na mke, mmoja akijifanya anatafuta maji ya kunywa. Nilikuwa najua kila kinachokuja, hata mwendo wa wimbo, na bado koo lilinibana. Nadhani ninachotafuta kule ni kile ambacho siwezi kukipata tena mwenyewe, mara ya kwanza. Basi naiazima kwa mtu.

Halafu nikatafuta Film Red, pale penye Usopp na baba yake.

Kijana mmoja alinishangaza. Uso ulianza kubadilika, mdomo ukafunguka, macho yakajaa. Kisha mkono ukaenda kwenye kitufe. Akasimamisha. Akageukia kamera na kuuliza, "Ngoja kwanza, hii imo?" Akaenda kusoma maoni. Wakamwambia haimo. Akasema "aah, sawa," akabonyeza kuendelea, na macho yake yakiwa makavu akaitazama sehemu yote iliyobaki.

Nilirudisha nyuma nikaangalia tena. Chozi lilikuwa linakuja kabisa. Lilikwenda kuomba kibali, likanyimwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kinanikera kwa mtoto wa kaka yangu. Kuruka kuna sababu zake, bando ni bando. Kilichonikera ni kwamba orodha ile haimwambii tu cha kutazama. Inamwambia pia pa kuumia na pa kutoumia.

## "Maharamia wanakujaaa!"

Na ajabu ni kwamba jambo hili linamhusu Usopp, katika watu wote.

Tukumbuke anakotoka. Baba kaondoka na Shanks, mama yake Banchina yuko kitandani anaumwa. Mtoto anakimbilia ndani akipiga kelele: maharamia wamekuja, baba amekuja kutuchukua! Hakuna aliyekuja. Mama akafariki. Mtoto akaendelea na kelele zilezile kijiji kizima, kila asubuhi, mpaka watu wakazoea kutoka na kumfukuza.

Kisha siku moja maharamia wakaja kweli, na hakuna aliyemwamini.

Waswahili tunasema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu imezunguka nusu ya dunia. Alimsimulia Kaya, yule binti mgonjwa dirishani, kuhusu samaki wa dhahabu mkubwa kiasi kwamba kinyesi chake kilidhaniwa kisiwa. Baadaye, wakiondoka Little Garden, samaki huyohuyo akajitokeza mbele ya merikebu yao akiwa na mdomo wazi. Alijiita nahodha mwenye wafuasi 8,000. Kule Dressrosa watu wadogo wa Tontatta wakamwamini kwa kila neno, na baada ya kuwakomboa waliogeuzwa wanasesere, tena kwa bahati na kwa uso wake mwenyewe, umati ukamwita Mungu Usopp na serikali ikamwekea dau la belly milioni 200.

Oda amekuwa akifanya hivi tangu mwanzo. Usopp anasema jambo ambalo halimo, na hadithi inazunguka, polepole, inalileta.

Sasa mtu huyohuyo anakutana na baba yake ndani ya filamu ambayo haimo, tena ndani ya ndoto iliyo ndani ya filamu hiyo. Sijui kama watengenezaji waliliona hili. Ningekuwa mimi ndiye mtunzi ningejisifu mwaka mzima.

## Bara, si nchi

Hapa niseme kitu kinachotuhusu. Kwenye juzuu ya 56, ambako Oda hujibu maswali ya wasomaji, aliulizwa Luffy na wenzake wangekuwa wa nchi gani katika dunia yetu. Luffy Brazili. Zoro Japani. Nami Uswidi. Sanji Ufaransa. Robin Urusi. Chopper Kanada.

Usopp: Afrika.

Wenzake wana pasipoti, yeye ana bara zima. Mashabiki wa huku tumelicheka hili mpaka limechakaa, na ndani ya kicheko kuna mwiba kidogo, maana ndiye mwoga, ndiye mwongo, ndiye mwenye midomo iliyochorwa vile. Wapo waliomkataa kwa sababu hiyo. Nawaelewa. Mimi nilimchukua hivyohivyo. Kati ya wote chomboni ndiye pekee anayejua kuanza kisa kwa namna ambayo bibi yangu angeitikia.

(Toleo la waigizaji la Netflix lililotoka tarehe 31 Agosti 2023 lilipigwa Cape Town, na Usopp wake ni mweusi, Jacob Romero. Nilipoona ile merikebu kwenye maji ya Afrika Kusini nilipiga makofi peke yangu sebuleni.)

## Kilichomo nacho huhama

Nilikuwa nimekaribia kumsamehe mwenye orodha, nikaanza kuikagua orodha yenyewe. Haisimami.

Mchukue Shiki, adui wa Strong World, filamu ya 2009 ambayo hadithi yake aliiandika Oda mwenyewe. Manga inamtambua. Alitoroka gereza la Impel Down, na zamani alikuwa mmoja wa kundi la maharamia la Rocks. Lakini kisa chake na Luffy cha kwenye filamu hakihesabiwi. Kwa hiyo mtu yumo, na alichokifanya hakimo. Chukua jina la ukoo wa Figarland. Lilisikika kwanza ndani ya Film Red, na mwaka uliofuata manga ikalichukua na kujenga juu yake. Watu walioiruka filamu kwa sababu haimo walitumia miezi wakibishana kuhusu Figarland. Na Uta mwenyewe, akiwa mtoto pamoja na Luffy, yuko kwenye anime, episodi za 1029 na 1030. Kwenye orodha ya mtoto wa kaka yangu zote mbili ni nyekundu.

Halafu kuna lile kubwa. Machi 2022, miezi michache kabla ya Film Red, sura ya 1044 ya manga ilitangaza kwamba tunda lililompa Luffy nguvu zake si la mpira. Tangu 1997 tuliambiwa Gomu Gomu. Kumbe Serikali ya Dunia ililibadili jina karne nyingi zilizopita, na ndani yake kuna Nika, mungu wa jua anayecheka na kukomboa watumwa.

Nakumbuka vurugu ya wiki ile vizuri kuliko mambo mengi ya kazini. Wapo waliolia kwa furaha. Wapo waliosema Oda amemuua Luffy wao, mtoto wa kawaida mwenye nguvu ya kipuuzi aliyeifanya kubwa kwa akili yake, na mahali pake kaletwa mteule kama wateule wa hadithi nyingine zote. Hoja yao kubwa ilikuwa kwamba jina la Nika lilitajwa kwa mara ya kwanza mwaka 2021 tu. Wakajibiwa kwa picha za kurasa za zamani sana, kivuli kinachocheza ngoma kule Skypiea, mviringo mwekundu hapa na pale.

Agosti 2023 anime ikaonesha Luffy akigeuka mweupe, moyo ukidunda ngoma, akicheka huku akikimbia hewani, na nusu ya waliokasirika wakanyamaza. Mimi bado sijaamua. Mpira ulikuwa wa kuchekesha, na nilipenda kwamba ulikuwa wa kuchekesha tu.

Ila hebu angalia kilichotokea hapo. Jambo lililokuwemo kwa miaka karibu 25, jambo la sura ya kwanza kabisa, likahama. Kama kilichomo kinaweza kugeuka hivyo, rangi ya kijani inamhakikishia nini mtoto wa kaka yangu?

Mwaka 2025 bendera ya Luffy, fuvu lenye kofia ya majani, ilitoka kwenye karatasi kabisa. Indonesia waliipandisha mwezi Agosti, karibu na sikukuu ya uhuru, na wakubwa wakafoka. Nepali waandamanaji waliitundika kwenye lango la Singha Durbar, makao ya serikali, wakati jengo linaungua. Kuanzia tarehe 25 Septemba vijana wa Madagaska waliingia nayo mtaani kudai maji na umeme, fuvu likiwa limevishwa kofia ya Kimalagasi badala ya ile ya Luffy. Watu walikufa. Oktoba Rais Rajoelina akaondoka na wanajeshi wakachukua nchi. Sitaki kulifanya hili liwe tamu. Katuni haimfufui mtu. Nataja tu kwamba wale waliobadili kofia hawakumwandikia Oda kuomba ruhusa.

## Huyu baba lakini

Sasa nimefika mahali ambapo hoja yangu mwenyewe inaanza kunisumbua.

Nimesema Hosoda alithubutu kwa sababu filamu yake haikuwemo. Je, Film Red ilithubutu? Nimeitazama tena sehemu ile nikiwa na swali hilo, na jibu si zuri. Yasopp anapata kitu kikubwa kwa bei ya kutupa. Hasemi alikuwa wapi. Haulizwi. Anamwazima mwanawe macho, zimwi linaanguka, muziki unapanda. Mlenga shabaha amefanya kazi ya mlenga shabaha. Ubaba haukuguswa.

Mashabiki wanampenda Yasopp. Ana mavazi, ana bunduki, na Luffy mwenyewe alimsimulia Usopp jinsi mzee alivyokuwa akimtaja mwanawe mpaka masikio ya watu yanachoka. Kwenye mashindano ya baba mbaya ndani ya One Piece yeye hata fainali hafiki. Kule yupo Judge aliyemvisha mwanawe kinyago cha chuma na kumfungia chini, yupo Kaido na mwanawe Yamato. Ukilinganisha na hao, mtu aliyeondoka tu anaonekana karibu mwema.

Aliondoka tu. Nimekulia mtaa wenye watoto wa baba walioondoka tu, wengine baharini, wengine migodini, wengine hakuna ajuaye. Watoto wale walikuwa wakiwasifu kwa sauti kubwa kuliko sisi tuliokuwa na baba zetu mezani. Usopp ni mmoja wao. Kuro, haramia aliyejificha kijijini kwao, alipomtukana baba yake, Usopp alisimama akasema anajivunia damu ya haramia. Kwa miaka yote hii hajamsema vibaya hata mara moja.

Siku Oda atakapowakutanisha, orodha itaipaka filamu wekundu mzito zaidi, na grupu la WhatsApp litasema sasa ndiyo kweli. Sawa. Nitaisoma siku hiyohiyo kama wengine. Wengi wanataka kumbatio, baharia mbele ya baharia, "umekua, mwanangu," na ukurasa mzima wa machozi.

Mimi nataka amkasirikie kwanza. Amuulize kama anajua mama alikuwa akisikiliza mlango.